Anomali: Kipimo cha Kisichotarajiwa katika Ukanda wa Ziwa Victoria

Neno anomali, ambalo Kiingereza kilikopa kutoka Kigiriki na ambalo sasa limeingia katika Kiswahili cha wataalamu wa hali ya hewa, madini na tiba, hutaja tofauti iliyopo kati ya jambo lililopimwa na lile ambalo, kwa kumbukumbu za muda mrefu, lilitarajiwa kupatikana. Watu wengi hulichukua kama jina jingine la ajabu, kasoro au hitilafu, lakini maana yake ya kitaalamu ni finyu zaidi na ina manufaa zaidi, kwa kuwa haisemi tu kwamba jambo fulani si la kawaida, bali inadai kwanza itajwe kawaida yenyewe ni ipi, kisha ielezwe jambo hilo limeachana nayo kwa kiasi gani. Pasipo wastani uliotajwa hakuna anomali, na anayelitumia neno hili bila kutaja wastani huo anakuwa ameeleza mshangao wake tu.

Buhongwa, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo kusini mwa katikati ya Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, ipo katika eneo ambalo neno hili linagusa maisha ya watu kwa njia nyingi. Mkulima wa mahindi na mihogo husikia utabiri wa msimu, mkazi wa kando ya ziwa huona maji yakipanda na kushuka, na mchimbaji mdogo wa Geita husubiri majibu ya sampuli za udongo kutoka maabara, na wote watatu, kwa kujua au kwa kutojua, wanashughulika na anomali. Kwa sababu hiyo ukanda huu unatoa mifano ya kutosha ya kuonyesha namna ya kulielewa neno hili na kulitumia ipasavyo.

Mvua na wastani wake

Ukanda wa Ziwa Victoria hupata mvua kwa misimu miwili, yaani vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotangaza mwelekeo wa msimu hulinganisha mvua inayotarajiwa na wastani wa muda mrefu, ambao kwa utaratibu wa kimataifa hukokotolewa kutokana na takwimu za miaka 30, kipindi kinachotumika sasa kikiwa ni cha kuanzia 1991 hadi 2020. Mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani huo huitwa mvua ya wastani, inayozidi asilimia 125 huitwa ya juu ya wastani, na isiyofika asilimia 75 huitwa ya chini ya wastani.

Chukuliwe mfano wa kituo ambacho wastani wake wa vuli ni milimita 300. Msimu ukileta milimita 390, anomali yake ni ziada ya milimita 90, na kwa kuwa kiasi hicho ni asilimia 130 ya wastani, msimu huo umekuwa wa juu ya wastani. Msimu mwingine ukileta milimita 240, kuna upungufu wa milimita 60, lakini asilimia 80 iliyopatikana bado imo ndani ya mipaka ya wastani, hivyo si sahihi kuuita msimu huo wa ukame kwa sababu tu mvua yake imepungua kuliko ya mwaka uliotangulia. Mwaka uliotangulia si wastani, nao pengine ndio uliokuwa na mvua isiyo ya kawaida.

Wataalamu huiita ziada anomali chanya na upungufu anomali hasi, na hapa msomaji anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu maneno hayo yanaonyesha upande wa tofauti na hayasemi lolote kuhusu heri au shari. Mvua yenye anomali chanya inaweza kuozesha mbegu shambani na kubomoa nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ya vilima vya Mwanza. Vilevile jumla ya msimu inaweza kukaribia kabisa wastani huku mvua yenyewe ikiwa imenyesha kwa siku chache na kufuatwa na wiki za ukavu wakati mahindi yanatoa mbelewele, kwa maana kwamba anomali ya jumla ikawa ndogo ilhali anomali ya mtawanyiko ikawa kubwa. Kwa hiyo haitoshi kutaja wastani. Ni lazima itajwe pia ni kitu gani kilichopimwa.

Ziwa lililobadilisha kawaida yake

Mfano ulio mkubwa kuliko yote katika ukanda huu ni wa Ziwa Victoria lenyewe. Ziwa hili lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na kina chake kirefu zaidi ni mita 80 hivi tu, kwa hiyo ni pana sana lakini si la kina kirefu. Sehemu kubwa ya maji yake, takriban asilimia 80, hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na kiasi kinachokaribia hicho hupotea kwa mvuke, huku maji yanayobaki yakitoka kwa Mto Nile katika mji wa Jinja, Uganda. Mizani ya namna hii ni nyepesi kuyumba, kwa kuwa mvua ikizidi mvuke kwa misimu michache mfululizo maji hupanda, na mvuke ukizidi hushuka.

Usawa wa maji umekuwa ukipimwa tangu 1896, na kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba kwa zaidi ya miongo sita ya mwanzo ziwa lilipanda na kushuka ndani ya mipaka iliyozoeleka. Kisha, kati ya 1961 na 1964, maji yalipanda kwa takriban mita 2.5, ongezeko ambalo, likizidishwa kwa eneo la ziwa, ni zaidi ya kilomita za ujazo 150 za maji. Chanzo kilikuwa mvua kubwa zilizoanza na vuli ya 1961, lakini sababu ya mvua hizo kuwa kubwa kiasi hicho ilichukua miaka mingi kueleweka. Mwaka 1999 wanasayansi waliueleza na kuupa jina mfumo uitwao Dipoli ya Bahari ya Hindi, ambao katika awamu yake chanya maji ya bahari upande wa Afrika Mashariki hupata joto kuliko kawaida huku yale ya karibu na Sumatra yakipoa, na matokeo yake ni unyevunyevu mwingi kusukumwa kuelekea bara katika msimu wa vuli. Mwaka 1961 ulikuwa mmojawapo wa miaka ya awamu hiyo, kama ilivyokuwa 1997, na pia 2019, ambapo maji ya ziwa yalianza kupanda tena na kufikia Mei 2020 yalikuwa yameongezeka kwa zaidi ya mita 1.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini ni lile lililofuata baada ya 1964. Ziwa halikurudi upesi katika usawa wake wa zamani, bali lilishuka polepole na kubaki juu ya usawa wa kabla ya 1961 kwa miongo kadhaa, na maji yaliyotoka Jinja katika kipindi hicho yalikaribia kuwa maradufu ya yale ya miaka sitini ya kwanza ya karne ya ishirini. Usawa uleule wa maji, kwa hiyo, ungeitwa anomali kubwa ukilinganishwa na wastani wa 1900 hadi 1960, na ungeitwa wa kawaida ukilinganishwa na wastani wa miaka thelathini iliyofuata. Mhandisi anayesanifu gati, barabara au chanzo cha maji cha mji, akichukua takwimu za kipindi kimoja na kuacha za kingine, atapata jibu lisilofaa ingawa hesabu zake hazina kosa.

Kushuka kwa maji nako kuna somo lake. Mwaka 2006 ziwa lilifikia usawa wa chini ambao haukuwa umeonekana tangu 1923, na maelezo ya haraka yaliyotolewa yalikuwa ya ukame. Ukame ulikuwepo kweli, lakini uchambuzi uliofanywa wakati huo ulionyesha kwamba takriban nusu ya upungufu ilitokana na maji yaliyofunguliwa kwenye bwawa la Jinja kwa ajili ya kuzalisha umeme, kwa kiasi kilichozidi makubaliano ya muda mrefu yaliyotaka bwawa liruhusu maji yale tu ambayo mto ungetoa kama bwawa lisingekuwepo. Anomali moja ilikuwa na visababishi viwili, kimoja cha maumbile na kingine cha uamuzi wa binadamu, na watu wangeridhika na maelezo ya kwanza, uamuzi huo usingehojiwa.

Katika miaka hiyo ya maji machache sehemu za fukwe ziliachwa wazi, na mtu aliyejenga au kulima kwenye ardhi hiyo alichukua anomali hasi akaifanya kuwa kawaida. Maji yaliporudi, hasa 2020, nyumba, mashamba na mialo ya samaki katika nchi zote tatu zinazopakana na ziwa vilizama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa huonekana kwa wengi kuwa usumbufu, ilhali moja ya faida zake ni kuwalinda watu dhidi ya tofauti ambazo kumbukumbu za zaidi ya karne moja zinathibitisha kwamba hutokea.

Dalili ardhini

Katika utafutaji wa madini neno anomali hutamkwa kwa matumaini. Miamba ya kale ya Sukumaland, ambayo imezaa migodi ya Geita na Bulyanhulu, ina dhahabu iliyojikusanya mahali pachache, ilhali mwamba wa kawaida wa dunia una miligramu chache tu za dhahabu kwa kila tani. Mjiolojia huchukua sampuli za udongo kwa mistari, huzipeleka maabara, huamua kiwango cha kawaida cha eneo lile, kisha huchora kwenye ramani sehemu zinazozidi kiwango hicho. Sehemu hizo ndizo anomali zake.

Hata hivyo, anomali ya udongo si mgodi. Dhahabu inaweza kuwa imesombwa na maji kutoka kilima kilicho mbali, au imeachwa na marudio, yaani mabaki ya mawe na udongo yaliyokwisha kuchenjuliwa, na nyingi ya dalili hizo zikifuatiliwa kwa mitaro na uchorongaji hazifikishi watu kwenye mwamba wenye faida. Mchimbaji mdogo anayeuza ng'ombe ili achimbe duara, yaani shimo la kutafutia dhahabu, kwa sababu ameambiwa kwamba eneo lina anomali anapaswa kujua kwamba ameambiwa mahali pa kuanzia kuuliza, na bado hajaahidiwa dhahabu.

Neno hili na binadamu

Madaktari nao hulitumia neno hili kutaja tofauti za maumbile ambazo mtoto huzaliwa nazo, kama mdomo uliopasuka au mguu uliopinda, na makusudi yao ni kutambua hali ili itibiwe. Nje ya tiba hatari yake ni kubwa, kwa kuwa tofauti ya takwimu hugeuzwa haraka kuwa hukumu juu ya mtu. Kanda ya Ziwa ina kumbukumbu chungu ya jambo hilo, kwani watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, hasa kuanzia miaka ya 2007 na 2008, kwa imani kwamba wao si watu kama wengine. Ualbino ni hali ya kurithi, ambayo nchini Tanzania hukadiriwa kumpata takriban mtu mmoja kati ya 1,400, huku Ulaya na Amerika Kaskazini ukikadiriwa kumpata mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Uchache wa hali fulani hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine, lakini utu wa mwenye hali hiyo haubadiliki, na hakuna wastani unaoweza kuupima. Anomali ni neno la kupima mvua, maji, udongo na hali za mwili, nalo halifai kamwe kuwa jina la mtu.

Kulitumia kwa usahihi

Katika sentensi za Kiswahili neno hili hukaa vizuri katika ngeli ya i-zi, kama inavyosemwa kwamba anomali ya mvua imeongezeka au anomali za joto zimepungua, na mwandishi anayehutubia umma anaweza kulieleza kama tofauti na wastani bila kupoteza maana. Asichopaswa kufanya ni kuweka kasoro mahali pake kila wakati, kwa kuwa kasoro hubeba lawama, ilhali mvua kubwa au ziwa lililojaa havina kosa. Kosa la kipimo nalo ni jambo jingine: chombo kilichoharibika kinaweza kuonyesha anomali isiyokuwepo, ndiyo maana kazi ya kwanza ya mtaalamu anapoona tarakimu ngeni ni kukagua chombo, na ya pili ni kulinganisha na vituo vya jirani.

Basi mkazi wa Buhongwa, au wa mahali pengine popote, anaposikia redioni au kusoma gazetini kwamba kuna jambo lisilo la kawaida, aulize mambo manne: ni kitu gani kilichopimwa, kinalinganishwa na wastani wa miaka ipi, tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani ikilinganishwa na mabadiliko yaliyozoeleka, na sababu yake imechunguzwa au inakisiwa tu. Waandishi wa habari, walimu na maofisa ugani wana wajibu wa kuyajibu maswali hayo hata kabla hayajaulizwa, kwa kuwa mkulima huamua siku ya kupanda, na mvuvi huamua mahali pa kujenga, kwa kutegemea maneno wanayopewa.