Bima ndogo na bima kubwa: dereva mpya ajue nini?

Dereva mpya wa Gitega akishapata leseni, sheria ya Burundi inamtaka akate bima kabla ya kutoa gari barabarani. Bima hiyo ya lazima hulinda mtu wa tatu, yaani atakayegongwa au kuharibiwa mali. Gari la dereva mwenyewe halimo. Watanzania huiita bima ndogo. Bima kubwa ndiyo inayolipia pia gari lake.

Akipitia Muyinga na kuvuka mpaka wa Kobero kwenda Tanzania, achukue kwanza Kadi ya Njano ya COMESA. Nayo hulinda mtu wa tatu, pamoja na matibabu ya dereva na abiria.

Walimu, tuwazoeze wanafunzi kuuliza kabla ya kutia sahihi: "Bima hii inamlinda nani?"