Seva Ikisema Faili Zimezidi: Namba Ndogo Inayoweza Kuifunga Maktaba ya Ukoo

Siku hizi ni tabu kuupata ukoo wa Waomani wanaosema Kiswahili usiokuwa na kijana wake aliyekabidhiwa "mtandao wa familia". Anakaa Al Khoud au Mabela, mchana yuko kazini kwake, usiku ndiye anayepigiwa simu na shangazi kuulizwa kwa nini picha za Unguja hazifunguki. Mikononi mwake zimo picha za harusi za zamani, nasaba iliyokusanywa kwa miaka, barua zilizopigwa skani, na sauti za wazee waliorikodiwa kabla hawajatangulia mbele ya haki. Makala hii ni yake kijana huyo. Wazee nao wakiisoma watajua anahangaika na nini.

Mambo huwa hivi. Tovuti inafanya kazi mwaka mzima bila ya maneno. Halafu inafika asubuhi ya Idi, au inaingia tanzia kwenye WhatsApp, na kiungo kinaruka kutoka Muscat kwenda Zanzibar, Dubai na London. Kwa robo saa wanaingia watu mia kadhaa. Ukurasa unakuwa mweupe. Kijana anafungua daftari la kumbukumbu la seva, ile logi, na anakuta maneno "Too many open files" na namba ya kosa 24. Anatazama diski: nafasi ipo tele. Anatazama RAM: ipo. Anaizima seva na kuiwasha, inakwenda saa moja kisha inaanguka tena.

Kilichokwisha hapo ni namba.

Aliyewahi kukaa katika chumba cha kusomea nyaraka atafahamu upesi. Msomaji haingii mwenyewe ghalani. Anaandika karatasi, karani anamletea jalada, na karani ana idadi ya majalada anayokubali mtu mmoja awe nayo mezani. Ukifika idadi hiyo, huongezewi mpaka urudishe moja. Ghala linaweza kuwa limejaa na karani hana kazi nyingine, lakini jawabu ni lile lile. Kwenye Linux, ambayo ndiyo inayoendesha seva nyingi za tovuti, karani huyo ni kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kila programu inapofungua faili, kerneli inaipa namba ndogo kabisa iliyo wazi. Namba 0, 1 na 2 huwa zimeshachukuliwa tangu programu inapozaliwa, kwa ajili ya kuingiza, kutoa na kuandika makosa. Faili la kwanza unalolifungua wewe kwa kawaida hupata namba 3. Kikomo kikiwa 1024, namba zinaishia 1023.

Jambo linalowapotosha wengi ni neno "faili" lenyewe. Katika ukoo wa Unix karibu kila kitu ni faili. Jedwali la hifadhidata ni faili, logi ni faili, na muunganisho wa mtandao nao unahesabiwa humo humo. Kwa hiyo kila ukurasa unaofungua mazungumzo na hifadhidata unachukua namba moja kutoka kwenye fungu lile lile linalotumiwa kufungulia majedwali. Wageni na majalada wanagombania meza moja.

Kwa nini 1024, na mashine zenyewe zina nguvu zote hizi? Mwanzoni ilikuwa kidogo zaidi: Unix ya toleo la saba, mwaka 1979, iliiruhusu programu moja faili 20 tu. Hiyo 1024 imebakia kwa sababu ya amri ya zamani iitwayo `select`, ambayo programu nyingi huitumia kusubiri miunganisho, na jedwali lake la ndani limekatwa namba 1024. Ukiipa programu ya namna hiyo namba kubwa zaidi ya hapo inaweza kuharibika kimya kimya. Vikomo vyenyewe ni viwili. Kimoja ni laini, ambacho programu inaanza nacho, na cha pili ni kigumu, ambacho programu inaweza kujipandishia mpaka hapo lakini haiwezi kukipita bila ya idhini ya mkuu wa mashine. Kwenye Linux za sasa zinazotumia systemd (tangu toleo la 240, mwaka 2018) laini ni 1024 na kigumu ni 524288. Mashine za kabla ya hapo kigumu chake mara nyingi kilikuwa 4096, na huenda tovuti za jumuiya zetu bado zimo kwenye mashine za aina hiyo, zilizokodiwa zamani na kusahauliwa kwa sababu bei yake ni nafuu.

Sasa tuitazame MySQL, ambayo ndiyo imebeba tovuti nyingi za familia. (Kwa wapenda nasaba: Michael Widenius, mmoja wa waasisi wake, aliita programu hiyo kwa jina la binti yake My. Baadaye alipoanzisha tawi jingine, MariaDB, akalipa jina la binti yake mdogo, Maria.) MySQL inapowaka hupiga hesabu ya namba inazohitaji: kumi za matumizi yake, jumlisha idadi ya juu ya miunganisho, jumlisha mara mbili ya majedwali inayotaka kuyaweka wazi. Kwa toleo la 8.0 miunganisho ya kawaida ni 151 na majedwali 4000, kwa hiyo inaomba 10 + 151 + 8000, yaani 8161. Kikomo kigumu kikiwa 4096 ombi linakataliwa lote. Haipewi hata hizo 4096, inabakia na 1024 yake.

Hapo haipigi kelele. Inajipunguza yenyewe, inaandika mistari michache ya onyo kwenye logi, na inaendelea. Kutoka 1024 inatoa 10 na 151, inagawa kwa mbili, inapata majedwali 431. Na kama kijana, baada ya kuona watu wamezidi siku ya Idi, amekwenda kwenye mipangilio akapandisha miunganisho kuwa 500, MySQL itamrudisha kwenye 214, kwa sababu haikubali majedwali yashuke chini ya 400: 1024 toa 10, toa 800, inabaki 214. Namba hizi mbili, 431 na 214, zishike. Ukiuliza seva kwa `SHOW VARIABLES` ukaziona, huna haja ya kutafuta uchawi mwingine. Mtu aliandika 500 kwenye karatasi na seva inampa 214.

Ukurasa mweupe siku ya Idi ni aibu ndogo, inapita. Linalonitia wasiwasi mimi ni bakapu.

Chukua mfano. Tovuti ya WordPress iliyoanzishwa kabla ya mwaka 2010, halafu ikapanuliwa ili kila tawi la ukoo liwe na ukurasa wake. Kila tawi linaloongezwa huleta majedwali kumi ya peke yake. Matawi sitini ni majedwali mia sita. Na kwa kuwa ilianza zamani, majedwali yale huenda bado yako katika mtindo wa MyISAM, uliokuwa ndio wa kawaida kabla ya MySQL 5.5 kuja na InnoDB mwishoni mwa 2010. Jedwali moja la MyISAM linahitaji namba mbili likifunguliwa: moja ya faili la taarifa na moja ya faharasa. Mchana hakuna anayeyagusa yote kwa pamoja, hivyo hakuna tatizo. Lakini saa tisa za usiku inaanza amri ya `mysqldump`, nayo kwa kawaida yake huyafunga kwa kufuli majedwali yote ya hifadhidata kwa pamoja ndipo ianze kunakili. Mia sita mara mbili ni 1200. Kikomo ni 1024. Inakataliwa hapo hapo, kosa 24, na hakuna jedwali hata moja lililonakiliwa.

Ubaya unaongezeka kwa namna watu wanavyoiandika amri hiyo. Wengi huipitisha moja kwa moja kwenye `gzip` ili faili libanwe. Kwenye mnyororo kama huo mfumo hutazama matokeo ya amri ya mwisho tu. `gzip` imefanya kazi yake vizuri, imebana hicho kidogo ilichopewa, kwa hiyo taarifa inayotoka ni kwamba mambo ni salama. Kila asubuhi linapatikana faili lenye tarehe ya jana na jina sahihi, na ndani yake mna mistari michache ya utangulizi. Hali hiyo inaweza kwenda miezi. Siku diski inapokufa ndipo ukoo unagundua kwamba sauti ya bibi ipo kama faili, lakini jina lake, mwaka aliorikodiwa, na nani alikuwa akimuuliza, vyote vilikuwa kwenye hifadhidata, na hifadhidata haipo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kikomo chochote, leo usiku fanya hivi: fungua bakapu yako ya mwisho na tazama mstari wa chini kabisa kwa `zcat` na `tail`. `mysqldump` ikimaliza salama huandika pale "Dump completed" na tarehe, isipokuwa kama wewe mwenyewe umezima maelezo. Mstari huo haupo? Basi huna bakapu. Na kwenye skripti ya bash weka `set -o pipefail` juu kabisa, ili kuanguka kwa amri ya mwanzo kuonekane mwisho.

Sasa dawa. Ukiuliza watu utaambiwa uhariri `/etc/security/limits.conf`. Ushauri huo ni wa zamani na umewapotezea watu wengi usiku wao. Faili hilo linasomwa mtu anapoingia kwenye mashine kwa jina lake. Huduma inayowashwa na systemd haipiti mlango huo kabisa. Ndiyo maana kijana anaandika namba kubwa pale, anajaribu `ulimit -n` kwenye skrini yake anaona imekubali, na hifadhidata inabakia vile vile. Njia inayofanya kazi ni `systemctl edit mysql` (kwa wengine jina la huduma ni `mysqld` au `mariadb`), halafu chini ya `[Service]` unaandika `LimitNOFILE=16384`, unahifadhi, na unaiwasha upya huduma. Usiridhike na ulichokiandika. Tafuta namba ya mchakato kwa `pidof mysqld`, kisha soma `/proc/` namba hiyo `/limits`. Pale kerneli yenyewe inakwambia kikomo ni kipi. Na ukihesabu vilivyomo ndani ya `/proc/` namba hiyo `/fd` utajua ngapi zimetumika sasa hivi.

Kwa tovuti ya ukoo, 16384 ni nyingi. Wapo wanaosema weka isiyo na mwisho, tulale. Hapana. Matoleo ya zamani ya MySQL hutenga kumbukumbu kwa kila namba inayoweza kutolewa, na ndani ya konteina za Docker "isiyo na mwisho" imewahi kutafsiriwa kuwa zaidi ya bilioni moja. Seva ndogo ikawa inameza gigabaiti nyingi za RAM kabla hajaingia mgeni hata mmoja.

Pia kuna mahali ambapo kupandisha kikomo ni kuficha ugonjwa. Ikiwa programu inafungua miunganisho na haiifungi, namba zitakwisha tu, ziwe elfu au laki. Njia ya kujua ni nyepesi: hesabu ile `/fd` saa nne za usiku na tena alfajiri, wakati ndugu wa Muscat na wa Zanzibar wote wamelala. Zikishuka na kutulia, ni msongamano wa watu, ongeza kikomo. Zikiwa zinapanda wakati hakuna mtu, kuna kuvuja, na fundi wa tovuti ndiye wa kuitwa.

Wanaotumia PostgreSQL hali yao ni tofauti kidogo. Yenyewe huzaa mchakato mmoja kwa kila muunganisho, na kila mmoja hujiwekea mpaka wa faili 1000 na kuyafunga yale yasiyotumika kila inapohitaji nafasi. Kwa hiyo mara chache hugonga kikomo cha mchakato. Kwa miunganisho 100 ya kawaida hesabu ya juu ni faili 100,000 kwa mashine nzima, na kwenye mashine ndogo au ya zamani hiyo inaweza kumaliza fungu la wote, zikalalamika hata programu nyingine zisizohusika. Hapo dawa ni kinyume: punguza `max_files_per_process`.

Na majedwali yale ya MyISAM yageuzwe kuwa InnoDB, moja baada ya moja, baada ya kupata bakapu iliyokamilika. Yakishageuka, `mysqldump` inaweza kutumika na `--single-transaction`, ambayo haifungi majedwali yote kwa pamoja. Ukiitumia kabla ya kuyageuza, nakala ya MyISAM inaweza kutoka na taarifa zisizolingana.

Mwisho, kwa siku ya kuhama. Mpangilio wa `LimitNOFILE` unakaa ndani ya `/etc/systemd/system`, nje ya hifadhidata, kwa hiyo hausafiri pamoja na bakapu. Ukihamia mashine mpya, au ukimkabidhi kazi binamu aliye Sohar, unakili mpangilio huo kwa mkono na uandike karatasi: namba ni ngapi, na kwa nini.