Sura ya 6: Mfumo Mpya Ndani ya Mashine Kuukuu

Hakuna kompyuta iliyozimika Mathare, Nairobi, tarehe 14 Oktoba 2025 kwa sababu ya Microsoft. Siku hiyo kampuni iliacha kuihudumia Windows 10, lakini kesho yake saiba za Juja Road na Mlango Kubwa ziliendelea kuchapisha CV, kupiga kopi za vitambulisho na kuwaingiza watu eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kumweleza mwenye mashine. Kilichobadilika hakionekani kwenye skrini. Tangu siku hiyo, ufa wowote unaogunduliwa ndani ya mfumo ule unabaki wazi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kupata viraka vya nyongeza, navyo kwa watumiaji wa kawaida vilipangiwa kukoma tarehe 13 Oktoba 2026.

Mei 2017 dunia iliona ufa kama huo ukitumiwa. Kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi nyingi kwa siku chache, kikafunga faili za watu na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka cha kuuziba kilikuwa kimetoka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi walikuwa na Windows 7 ambayo hakuna aliyejali kuisasisha. Sasa fikiria kompyuta moja ya saiba, anaondoka mtu anakaa mwingine kuanzia asubuhi hadi usiku, kila mmoja akiandika nywila ya eCitizen, ya iTax, ya HELB, ya barua pepe anayotafutia kazi. Mashine hiyo ikiingiliwa, hasara inamfuata kila aliyeketi pale.

Kwa hiyo mfumo lazima ubadilike. Lakini kabla fundi hajachomeka flashi, amuulize mwenye mashine inafanya kazi gani kutwa. Wengi hawaulizi. Wanapiga Windows ile ile waliyompigia mteja wa jana, kisha wanaiamilisha kwa programu ya wizi inayotaka kwanza kinga ya virusi izimwe. Hapo nasema wazi: ukizima kinga ili uendeshe programu usiyojua ilikotoka, umeshaikabidhi mashine kwa mtu usiyemjua. Viraka vitakavyokuja baadaye havitamtoa.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina masharti yake. Inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, uwezo wa kubuti kwa njia salama, na TPM 2.0, yaani sehemu maalumu inayotunza funguo za siri za kompyuta. Hayo mengi yanapatikana. Sharti linalouma ni la prosesa: lazima iwe kwenye orodha ya Microsoft, na kwa Intel orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Laptopu nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue ni mitumba ya ofisi za ng'ambo, ile wauzaji wanayoiita ex-UK. Ziweke HP EliteBook 840 G3 na G5 meza moja. Utalazimika kuzichunguza ndipo uzitofautishe. G3 ina prosesa ya kizazi cha sita. G5 kwa kawaida ina ya kizazi cha nane. Ya kwanza inakataliwa, ya pili inapita, ilhali zote mbili zinafungua Word na Chrome bila kusitasita. Prosesa ya G3 haijachakaa hata kidogo. Imeachwa nje ya orodha, basi.

Uchochoro upo. Programu kama Rufus hutengeneza flashi inayoruka ukaguzi huo, na Windows 11 inaingia. Microsoft yenyewe inasema mashine iliyopitishwa hivyo haina haki ya kupata masasisho, hata kama kwa sasa yanaingia. Tena toleo la 24H2 la mwaka 2024 linahitaji maagizo fulani ambayo prosesa za zamani kama Core 2 Duo hazina, hivyo haliwaki kabisa. Mwanafunzi mwenye laptopu yake anaweza kujaribu akijua hatari. Mwenye saiba simshauri.

Turudi kwenye lalamiko linaloletwa na karibu kila mteja: "Fundi, hii mashine imekuwa slow." Mara nyingi tatizo ni diski. Diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hulazimika kusogeza kichwa chake na kungoja sahani ifike mahali panapotakiwa, kila faili ndogo inapoitwa, na Windows inaita maelfu inapowaka. RAM ikiwa ndogo, mambo yanazidi kuharibika, kwa sababu mfumo unahamishia diskini vitu visivyoenea kwenye RAM. Ni kama muuza duka mwenye kaunta finyu anayekimbilia stoo kwa kila sukari robo inayoagizwa. Diski ya SSD haina kinachozunguka wala kichwa cha kungojewa. Kwenye ThinkPad T430 ya mwaka 2012 inaingia pale pale ilipokaa diski ya zamani, kwa plagi ile ile, baada ya kufungua skrubu chache tu. Mteja akiwa na pesa ya kitu kimoja, anunue SSD. Akibakisha, aongeze RAM ifike GB 8. Nimesisitiza hili kwa sababu wapo wanaopigiwa mfumo mpya juu ya diski inayokufa, wakalipa, na kurudi na lalamiko lile lile.

Mfumo gani sasa? Kwa saiba inayoishi kwa kivinjari, kuandika na kuchapisha, chaguo langu ni Linux Mint, hasa ile ya Xfce iliyo nyepesi. Inawaka kwa RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, limeahidiwa viraka hadi 2029. Ni bure kihalali, hivyo habari ya programu za wizi inaisha. Na Kiswahili si kigeni katika ulimwengu huu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kazi ambayo ingestahili kuendelezwa kwa nguvu zaidi.

Mteja wa CV ndiye atakayelalamika kwanza. Aliiandika kwa Word, kwa fonti ya Calibri, na LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, isipokuwa nayo, mistari inahama na ukurasa mmoja unakuwa mmoja na nusu. Weka fonti ya Carlito. Herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, na ukurasa unarudi mahali pake.

Usifomati kitu kabla ya kujaribu. Faili ya Mint ni karibu GB 3. Ipakue mara moja, na flashi hiyo itahudumia vijiji vya Mathare kuanzia Kosovo hadi 4A. HP bonyeza F9 inapowaka, Dell na Lenovo F12, uchague flashi. Mfumo mzima utafunguka bila kugusa diski. Unganisha WiFi. Cheza sauti. Kisha, kwa saiba, chapisha ukurasa na uskani kitambulisho kwa printa ya pale pale, kwa sababu zipo printa za bei ya chini ambazo mtengenezaji hakuziandalia Linux. Printa ikigoma, utakuwa umejua mapema, wakati Windows bado ipo.

Kuna jambo linalowahangaisha mafundi wapya. Mfumo umeingia vizuri, intaneti ipo, lakini eCitizen haifunguki na kivinjari kinaonya kwamba tovuti si salama. Tazama saa pembeni mwa skrini: inasoma mwaka 2009. Betri ndogo ya bodi, CR2032, imekufa, na kila stima ikikatika mashine inasahau tarehe. Cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na ya kwisha, na kwa kompyuta inayoamini ni 2009, cheti hicho hakijaanza kutumika. Badilisha betri, weka saa, tovuti itafunguka.

Kuhusu stima: ikikatika katikati ya kupiga mfumo, utaanza upya, basi. Ikikatika ukisasisha BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye bodi, bodi inaweza kufa. Kwa hiyo BIOS ya kompyuta ya mezani isiyo na UPS iache ilivyo, isipokuwa kuna ulazima.

Inabaki diski uliyoitoa ulipoweka SSD. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya faili tu. Nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati za kortini zilizoskaniwa zingali humo, na programu ya kawaida ya kurejesha faili inazitoa. Hamisha kwanza anavyovihitaji mwenyewe, kisha andika juu ya diski yote kwa amri ya shred iliyomo kwenye Linux, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa. Ikiwa bado nzima, itiwe kwenye kasha la USB iwe ya kuhifadhia nakala za kazi. Ikiwa imeanza kugonga, ivunjwe sahani zake, na mabaki yapelekwe WEEE Centre kule Embakasi, wanaopokea taka za elektroniki tangu 2012, badala ya kuishia jaa la Dandora.