Ndugu Wawili Ulingoni

Wenzangu wengi wameniuliza ule mchezo wa katika filamu ya Warrior ni mchezo gani, maana si ndondi, si mieleka, wala si karate. Jibu ni kwamba ni yote hayo pamoja. Mchezaji huruhusiwa kupiga ngumi na mateke, kumbwaga mwenzake na kuendelea kupambana naye huko chini. Ile kabari ya nyuma, ambayo sisi mtaani twaiita ngeta, haizibi pumzi tu kama wengi wanavyodhani. Hubana mishipa ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo, na kwa sekunde chache tu mtu huzirai. Ndiyo maana anayekabwa akipigapiga kwa kiganja, yaani nimekubali, refa husimamisha pigano papo hapo.

Shikeni hilo la kiganja.

Filamu yenyewe ilitoka mwaka wa 2011, mwelekezi akiwa Gavin O'Connor. Brendan ni mwalimu wa fizikia huko Philadelphia, Marekani, na benki yataka kuichukua nyumba yake. (Hebu fikirieni mwalimu wetu wa fizikia akiingia darasani jicho limevimba!) Mdogo wake, Tommy, ametoroka jeshini baada ya kupigana Iraq, na pesa anamtafutia mjane wa rafiki yake. Wote wanaingia shindano la wapiganaji 16 kule Atlantic City, zawadi dola milioni 5. Baba yao, Paddy, ndiye aliyeivunja nyumba kwa ulevi. Tommy alitoroka na mama, Brendan akabaki. Mama akaugua akafa, na aliyemuuguza ni Tommy peke yake. Hapo ndipo penye kidonda, wala si kwenye hizo dola.

Katika fainali Brendan anamtegua Tommy bega. Jamaa anainuka mkono ukining'inia na bado anataka vita! Kaka amekwama: akipiga, anapiga ndugu kilema, akiacha, ndugu haachi. Mwishowe anamkaba ile ngeta, huku akimwomba msamaha na kumwambia anampenda. Tommy anapiga kiganja.

Wavulana fulani darasani walisema huo ni woga. Mimi nakataa katakata. Bega lilipoteguka, maumivu yakiwa makali kuliko yote, hakupiga. Alipiga aliposikia neno ambalo hakuwa ameambiwa miaka yote ile.

Wanatoka wameshikana, na baba yao anawatazama kwa mbali.