Kabla ya Kufika Mbeya, Shukeni Iringa

Wazazi wengi waendao Mbeya kwa basi huipita Iringa watoto wao wakiwa wamelala. Hiyo ni hasara kubwa. Mwendo mfupi kutoka mjini, katika makumbusho ya Kalenga, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa.

Wahehe waliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwezi Agosti 1891. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilibomolewa kwa mizinga, lakini Mkwawa aliendelea kupigana porini hata akajiua mwezi Julai 1898, asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe katika muda wa miezi sita. Fuvu likarudi mwaka 1954! Mtoto atauliza sababu ya kuchelewa huko. Basi mzazi na ajiandae kumjibu.

Njia ya kuelekea Mbeya, kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa, lipo korongo la Isimila, lenye zana za mawe za watu wa kale na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Vaeni viatu madhubuti na kofia.

Mkishafika Mbeya, teremkeni Rungwe mkaone Daraja la Mungu, mwamba uliovuka Mto Kiwira pasipo mkono wa fundi. Kimondo cha Mbozi, pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani, sasa kimo katika Mkoa wa Songwe. Kutoka Mbeya mwaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Masweta msiyaache nyumbani.