Masalio Nayo ni Mali, Lakini Tupige Hesabu



Mchoma makaa anaujua ule utomvu mweusi unaonata kwenye udongo wa tanuri. Wengi wetu tunautupa. Je, ungekuwa mapipa kwa mapipa kila siku?

Huko Beulah, jimbo la North Dakota, Marekani, kuna kiwanda kilichoanza 1984 kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi ya majumbani. Makaa yanapashwa moto pamoja na mvuke na oksijeni. Gesi ikipoa, inaacha majimaji ya aina tatu: mafuta ya lami, fenoli na nafta.

Miaka hiyo ya 1980, Jeshi la Anga la Marekani liliuliza: majimaji haya yaweza kurusha ndege? Wataalamu walipima wakaona yawezekana, maana mafuta ya ndege ni ndugu ya mafuta ya taa. Shida ni usafi. Mafuta ya lami yamejaa salfa, nitrojeni na oksijeni. Kuyasafisha kunataka haidrojeni, joto kali na shinikizo kubwa, nayo haidrojeni ni ghali. Tena hayaruhusiwi kuganda kwenye baridi ya angani.

Basi kiwanda kinauza nini? Kinauza, kwa mfano, fenoli, inayotengeneza gundi ya mbao.

Nasi kabla ya kutoa pesa za kikundi tuulizane: Kusafisha ni gharama gani? Mnunuzi ni nani? Kikiuzwa kilivyo, hatupati zaidi?

Mali bila daftari hupotea bila habari.