Mhitimu wa Chuo Kikuu na Mlango wa Jeshi

Kwa mhitimu wa chuo kikuu nchini Tanzania, swali la kujiunga na jeshi au kuliacha ni jipya kuliko linavyoonekana, kwa sababu kwa miaka mingi baada ya uhuru dola ndiyo iliyomjibia, tena bila kumwuliza. Leo hali imegeuka: hakuna anayemlazimisha kuvaa kombati maisha yake yote, wala hakuna anayemhakikishia kwamba akitaka kuivaa atapewa, na kati ya hali hizo mbili limesimama kundi kubwa la vijana wenye shahada wanaoomba nafasi za jeshi kama wanavyoomba nafasi za benki au za halmashauri, ilhali mkataba wa jeshi haufanani na mwingine wowote.

Utaratibu wa sasa una asili yake katika miaka ya 1963 na 1964. Jeshi la Kujenga Taifa, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake JKT, lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 ili kuwakutanisha vijana katika kazi za mikono, malezi ya uzalendo na mafunzo ya awali ya kijeshi. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali ililivunja jeshi hilo, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yaani JWTZ, lilipoundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, askari wake wapya walitafutwa miongoni mwa vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, na wa JKT. Sharti la leo la kumtaka mwombaji awe amepitia JKT, ambalo wahitimu wengi huliona kuwa urasimu mtupu, hueleweka vyema zaidi likisomwa pamoja na maasi hayo, kwani dola iliyokwisha kuumwa na askari wake yenyewe ilitaka kuwajua vijana kabla ya kuwakabidhi bunduki.

Wasomi waliingizwa kwa nguvu muda mfupi baadaye. Mwaka 1966 serikali ilipendekeza kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo watumikie taifa kwa miaka miwili, miezi michache wakiwa kambini na muda uliobaki wakiwa katika kazi zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti hayo. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akaamuru wapatao 400 warudishwe makwao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Simulizi ya kawaida huwachora wanafunzi hao kama vijana waliodekezwa, lakini hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwani waliuliza kwa nini kizazi kinachoanza maisha kifunge mkanda huku waliowatangulia wakila mishahara minono. Kupunguzwa kwa mshahara wa rais kulikuwa, kwa namna fulani, kukiri kwamba swali lilikuwa na haki ya kuulizwa.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi, likawataka wahitimu wa kidato cha sita wapite JKT na kazini kwanza ndipo wafikiriwe kwenda chuo kikuu, na kwa watu wa rika hilo kambi ilikuwa sehemu ya safari ya elimu. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, ambapo wabunge kadhaa vijana walijitokeza kambini kutoa mfano. Mhitimu wa chuo wa miaka hii, kwa hiyo, huenda amekwisha kuonja kambi kwa miezi michache alipomaliza kidato cha sita, chini ya utaratibu unaoitwa mujibu wa sheria, akaamshwa kwa mchakamchaka na kufundishwa kwata na kulenga shabaha. Asidhani kwamba alichokiona kule ndicho jeshi, kwa kuwa mujibu wa sheria una tarehe ya kwisha inayojulikana tangu siku ya kuripoti.

Njia ya pili ya JKT ni ya kujitolea, ambayo kijana huiomba kupitia ofisi za wilaya na mkoa na kuitumikia kwa miaka miwili. Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Tangazo la JKT la kuwaita vijana hawa limezoea kueleza kwamba jeshi hilo halitoi ajira wala halimtafutii kijana ajira, bali humpa stadi za kujitegemea. Hata hivyo vyombo vya ulinzi na usalama huajiri kwa sehemu kubwa kutoka kwa waliopita huko, na vijana, kwa mantiki isiyo mbaya, husoma kile kinachotendeka kuliko kile kilichoandikwa. Gharama ya usomaji huo ilionekana Aprili 2021, pale vijana 854 wa kujitolea walipoondolewa jeshini baada ya kugoma na kutaka kuandamana kwenda Ikulu ya Chamwino kudai ajira walizoamini kwamba waliahidiwa. Mwenye shahada anayeingia kwa njia hii anapaswa kujihesabia miaka miwili ya jasho ambayo huenda isizae kazi, na kujiuliza kama fani yake itamsubiri, kwa maana mhasibu au mtaalamu wa kompyuta asiyeigusa kazi yake kwa muda huo hurudi sokoni akiwa nyuma ya wenzake.

Akifaulu kuingia JWTZ, bado kuna mlango ndani ya mlango. Kila anayeingia huanza kama kuruta, yaani askari mwanafunzi, lakini baadhi huchaguliwa kuwa maafisa wanafunzi na kupelekwa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha, ambako wakihitimu hutunukiwa kamisheni na rais, ambaye ni Amiri Jeshi Mkuu, na kuvaa cheo cha luteni usu, ngazi ya kwanza ya uofisa. Wasiochaguliwa hubaki katika safu ya askari, wakipanda kwa koplo na sajenti, wakati mwingine wakipokea amri za ofisa mdogo kwao kwa umri. Shahada husaidia kufungua mlango wa Monduli, ila haimfungulii kila mwenye nayo, na mhitimu asiyeweza kuishi kwa amani akiwa askari wa kawaida mwenye shahada kabatini ni heri asiombe kabisa. Wenye fani adimu wana hali tofauti kidogo, maana jeshi huwahitaji madaktari kwa Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, na wahandisi kwa mashirika kama Nyumbu lililoko Kibaha na Mzinga lililoko Morogoro.

Jambo linalopimwa kidogo mno, pengine kwa sababu halimo katika orodha ya sifa za mwombaji, ni ugumu wa kutoka. Mfanyakazi wa kampuni asiyeridhika huandika barua ya kuacha kazi na kuondoka baada ya notisi. Askari anayeondoka bila ruhusa ni mtoro, na utoro ni kosa linaloweza kumfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi, mahakama inayoendeshwa na wanajeshi kwa sheria za ulinzi. Ibara ya 147 ya Katiba humzuia mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ikimwachia haki ya kupiga kura peke yake. Katazo hilo lilikuja na mfumo wa vyama vingi, kwani enzi za chama kimoja askari aliruhusiwa kuwa mwanachama. Kwa kijana aliyekuwa kiongozi wa serikali ya wanafunzi, aliyezoea kushika kipaza sauti na kuupinga uongozi wa chuo hadharani, huu ndio upande mzito zaidi wa mizani, na usipimwe kwa mshahara.

Upo pia uwezekano wa vita halisi, ingawa nchi yenyewe haijapigana vita vikubwa tangu ile ya Kagera dhidi ya majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Askari wa Tanzania wametumikia ulinzi wa amani chini ya Umoja wa Mataifa huko Darfur, Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na mashariki mwa Kongo, ambako walijiunga mwaka 2013 na brigedi maalumu iliyopewa mamlaka ya kushambulia makundi ya waasi. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa na wasiopungua 14 wakauawa. Posho za safari hizo husifiwa sana mitaani kuliko hatari zake.

Muda nao haumpi mhitimu nafasi kubwa ya kusitasita, kwani matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yameweka ukomo wa miaka 27 kwa mwenye shahada, na yamewataka waombaji wawe hawajaoa wala kuolewa. Anayemaliza chuo akiwa na miaka 24, akitoa miwili JKT, hubakiwa na nafasi moja au mbili za kuomba, na pengo hilo finyu ndilo matapeli hulitumia kuwauzia wazazi nafasi ambazo haziuzwi.

Kwa anayevutwa na ulinzi wa nchi lakini hataki kuuza uhuru wake wote, lipo Jeshi la Akiba, ambalo mafunzo yake ya mgambo huendeshwa wilayani chini ya mshauri wa mgambo, na ambalo humruhusu raia kujifunza silaha na nidhamu kisha kurudi darasani, dukani au shambani kwake. Wasomi hulidharau kwa sababu mgambo wanaowafahamu ni wale wa kuwafukuza wamachinga mijini, na dharau hiyo imewanyima wengi njia ya katikati ambayo ingewafaa kuliko kujiunga na jeshi au kuliacha kabisa.